Mdogo wangu kapata udaktari chuo binafsi Dar: niuze kiwanja?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Songea. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, amepata C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia. Muhimbili hakuchaguliwa. Kairuki, pale Mikocheni, wamempa nafasi ya udaktari, ila ada yake ni mara kadhaa ya ada ya chuo cha serikali. Baba alishafariki, kwa hiyo uamuzi ni wangu na mama. Tuna kiwanja kimoja tunachoweza kukiuza. Watu wananiambia daktari wa chuo binafsi amenunua cheti. Ni kweli? Na huko kwenye vyuo vya mjini wanasomaje hasa?

JIBU: Marahaba mwalimu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na hilo la kununua cheti, maana ndilo linalowanyima watu usingizi na ndilo jepesi kulijibu. Si kweli. Shahada anayotoka nayo mwanafunzi wa Kairuki ni Udaktari wa Tiba, MD, ile ile ya Muhimbili, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi. Miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Mhitimu akishika cheti bado haruhusiwi kumtibu mtu kwa kujitegemea: anakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, anapata usajili wa muda, anapangiwa hospitali ya utarajali, na usajili kamili unakuja baadaye. Mitihani ya Baraza haina karatasi ya Muhimbili na karatasi ya Mikocheni. Wodini nako watarajali wa vyuo vyote wanasimama mstari mmoja, na muda si mrefu hakuna anayeuliza nani katoka wapi. Linaloulizwa ni nani anaweza kumwekea kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, mtoto wa miezi minane aliyeishiwa maji mwilini, saa tisa usiku, mishipa yote imejificha.

Alama zake nazo si za kubebwa. Kwa hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Mdogo wako ana 8. Kiwango cha chini cha kuingia udaktari ni pointi 6, na isipungue D katika kila somo kati ya hayo matatu. Amevuka. Muhimbili hakupata kwa sababu waliomba wengi wenye alama za juu kuliko zake, nafasi zikaishia kwao. Watu wanachanganya kukosa sifa na kuzidiwa kwenye ushindani, ndipo yanapozaliwa maneno ya kununua.

Basi hilo liweke kando. Swali linalostahili bei ya kiwanja ni jingine: huyu binti atawaona wagonjwa wa aina gani, wangapi, na nani atasimama naye kitandani akimwelekeza? Udaktari haufundishwi na jengo. Unaweza kuwa na ukumbi wenye viyoyozi na maabara ya kompyuta inayong'aa, na bado ukazalisha daktari ambaye hajawahi kuushika wengu uliovimba kwa mkono wake mwenyewe.

Ujue kwanza chuo chenyewe kilitokea wapi, maana asili yake inaeleza mengi. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na kwa karibu miongo mitatu daktari aliyesomea nchini alikuwa wa Muhimbili tu. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyozuia tiba binafsi ya kutafuta faida. Zikabaki hospitali za serikali, za mashirika ya dini na nyingine chache zilizoruhusiwa. Katika mazingira hayo Profesa Hubert Kairuki, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alianzisha Hospitali ya Mission Mikocheni mwaka 1987. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa. Mwaka 1995 sheria ya elimu nayo ikarekebishwa, milango ya vyuo vikuu binafsi ikafunguka, na mwaka 1997 hospitali ile ikazaa chuo. Kipindi hicho hicho kule Mbezi Beach kikaja chuo kingine binafsi cha udaktari, IMTU, iliyoanzishwa na taasisi ya Vignan kutoka India. Profesa Kairuki alifariki Februari 1999; chuo kikachukua jina lake, na mwaka 2000 kikawa chuo kikuu binafsi cha kwanza nchini kupata ithibati kamili.

Angalia mpangilio huo: hospitali ilitangulia, chuo kikafuata. Hiyo ni sifa njema. Wapo wenye mitaji waliofanya kinyume chake, wakajenga madarasa, wakasajili wanafunzi, halafu ndipo wakaanza kutafuta wodi za kuazima. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kusimamisha programu kadhaa katika vyuo vingine. Waliolia siku hiyo walikuwa wazazi waliokwisha kulipa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kulipa chochote, fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huo huo. Humo kila chuo kina jedwali lake: jina la programu, sifa za kuingia, muda wa masomo na idadi ya nafasi zilizoidhinishwa. Hiyo safu ya nafasi watu wanairuka, nami ningeisoma kwanza. Chuo kilichoidhinishiwa idadi fulani, kisha ukifika unakuta darasa limefurika kupita hiyo idadi, kimeshakueleza tabia yake.

Sasa masomo yenyewe. Kairuki si ya madaktari watupu. Wana uuguzi na ukunga kuanzia ngazi za chini hadi shahada, wana ustawi wa jamii, na kwenye uzamili wana afya ya jamii pamoja na ubingwa katika matawi manne makubwa: magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Mzazi anaweza kuona haya hayamhusu. Yanamhusu sana. Idara yenye madaktari wanaosomea ubingwa ina mtu wa kumfundisha mdogo wako usiku. Profesa anapita asubuhi, anauliza maswali matatu, anaondoka kwenda kliniki. Anayebaki na mwanafunzi saa nane usiku, akimwonyesha namna ya kujaza chati ya uchungu na lini aamue kuwa huyu mama aende chumba cha upasuaji, ni yule anayesomea ubingwa. Chuo kisicho nao, mwanafunzi wa zamu ya usiku anafundishwa na muuguzi mkongwe akibahatika, au anasinzia kwenye benchi.

Mwaka wa kwanza ni anatomia (maumbile ya mwili), fiziolojia (unavyofanya kazi) na baiokemia (kemia ya mwili), na ndiyo miezi inayowashangaza watoto waliokuwa vinara shuleni kwao. Chumba cha anatomia kina harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inayokufuata hadi kwenye sahani ya wali. Kundi zima linazunguka mwili mmoja, na swali la kumuuliza mwanafunzi wa pale ni hilo: mko wangapi kwa mwili mmoja? Wakiwa wachache, kila mmoja atashika kisu na kuichambua mwenyewe ile mitandao ya neva za kwapani. Wakiwa wengi mno, wawili wanakata na waliobaki wanasoma kwenye picha. Kisha unakuja mtihani wa kengele: pini imechomekwa kwenye neva, una muda mfupi wa kuandika jina lake na kazi yake, kengele inalia, unasogea meza ya pili. Aliyekariri picha anaanguka hapo, kwa sababu mwili halisi haujapakwa rangi ya njano kwenye neva na nyekundu kwenye ateri.

Mwaka wa pili ni patholojia (ugonjwa unavyouharibu mwili), mikrobiolojia (vijidudu), vimelea na famakolojia (dawa). Mzigo mkubwa wa kukariri, sina la kuongeza.

Kuanzia mwaka wa tatu anavaa koti jeupe na kuingia wodini kwa zamu: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, baadaye akili, macho, masikio na pua, mifupa, na afya ya jamii. Na hapa ndipo chuo binafsi cha mjini kina kidonda chake, ambacho kipeperushi hakikitaji.

Hospitali binafsi ya mjini inaishi kwa mgonjwa anayelipa, taslimu au kwa bima. Mgonjwa huyo ana haki ya kukataa kuguswa na mwanafunzi, na mara nyingi anaitumia. Yupo kwenye chumba chake, feni inazunguka, ndugu wamemletea chupa ya uji. Unaingia na wanafunzi sita nyuma yako, anavuta shuka hadi shingoni: "Daktari, mimi nimekuja kutibiwa, sikuja kufundishiwa." Utamlaumu? Kesho anaweza kuhamia hospitali ya jirani, na mwenye hospitali analijua hilo vizuri. Isitoshe, wagonjwa wenyewe ni wa aina fulani: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, upasuaji wa kujifungua uliopangwa tarehe yake. Mtoto aliyepooza kwa sikoseli, mama aliyepasuka kizazi baada ya siku mbili za uchungu nyumbani, mzee mwenye TB aliyechelewa, hao hawaji Mikocheni kwa wingi. Wako hospitali ya umma.

Ndiyo maana chuo binafsi chochote cha Dar chenye nia njema kinawapeleka wanafunzi wake pia kwenye hospitali za rufaa za mkoa, Mwananyamala, Temeke, Amana. Huko ndiko mikono inakopatikana. Nikupe mfano mdogo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne amesimama kando ya mama mjamzito, ameshika futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani. Anapima kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi: sentimita 31. Mama anasema mimba ni ya wiki 38. Kwa kawaida, katika miezi hiyo, sentimita na wiki hukaribiana, zikitofautiana kwa mbili au tatu hivi. Hapa pengo ni saba. Mwalimu hatoi jibu. Anauliza: umepima sawasawa? Mama ana uhakika na tarehe ya hedhi ya mwisho? Kibofu kilikuwa kitupu? Maji ya uzazi yamepungua? Au mtoto amedumaa tumboni, na kama amedumaa, presha ya mama ni ngapi? Mwanafunzi anarudi kupima presha. Akiikuta iko juu, akaomba mkojo upimwe protini, hatausahau ugonjwa huo wa presha ya mimba maisha yake yote. Hayo hayafundishiki kwa slaidi.

Sasa wanafunzi wa vyuo kadhaa wanakutana kwenye wodi hizo hizo, na wa diploma ya utabibu, na wa uuguzi. Kitanda kimoja kinazungukwa na makoti meupe hadi aliye nyuma anaona migongo tu. Ukitaka kukipima chuo, uliza: kina mkataba na hospitali zipi za umma, na wanafunzi wangapi wanaingia wodi moja kwa wakati mmoja? Mwalimu anayewafundisha kule ni mwajiriwa wa chuo anayekwenda nao, au wanaachiwa daktari wa zamu mwenye foleni ya wagonjwa sabini? Jibu la ofisi ya udahili lisikutoshe. Mwambie mdogo wako, au ndugu yenu aliye Dar, aende pale saa moja na nusu asubuhi siku ya kazi, amtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano, amnunulie chai na chapati, amuulize jambo moja: umezalisha wangapi kwa mikono yako? Kila mmoja ana kitabu chake cha kumbukumbu ambamo kazi alizofanya zinasainiwa. Mwenye cha kuonyesha atakifungua kwa majivuno. Asiye nacho atabadilisha mazungumzo.

Kwa kulinganisha, tazama Bugando, Mwanza, yenye vitanda zaidi ya 900 na Kanda ya Ziwa yote inayoitegemea. Tazama KCMC ya Moshi, au St. Francis ya Ifakara. Navyo si vyuo vya serikali, vimesimama juu ya hospitali za mashirika ya dini, lakini wodi zake zimejaa wakulima, wavuvi na wafugaji wenye kila ugonjwa ulioandikwa kitabuni. Kama mdogo wako aliomba huko na bado nafasi haijafungwa, mimi ningeyalinganisha kwa dhati kabla ya kuiangukia Dar kwa sababu ni Dar.

Nisiwaonee wa mjini, kuna wanayoyapata. Madarasa ya vyuo binafsi vingi ni madogo kuliko ya Muhimbili, na mwalimu anakujua kwa jina. Mwanafunzi anajifunza kuongea na mgonjwa anayejua haki zake na aliyeshasoma ugonjwa wake kwenye simu kabla hujaingia. Anajifunza kuandika faili kwa ukamilifu, maana bima haimlipi mtu asiyeandika. Wapo wahitimu wa Muhimbili wenye mikono ya dhahabu na mwandiko na lugha ambavyo heri nisiviseme.

Kuhusu walimu, neno moja. Mabingwa wa wodini Dar hawakosekani, na wengi wanafundisha vyuo viwili. Wanaokosekana ni walimu wa masomo ya msingi: anatomia, patholojia, mikrobiolojia, famakolojia. Daktari mwenye uwezo wa kuwa mpasuaji ni nadra achague kubaki na darubini kwa mshahara wa mwalimu. Uliza idara hizo zina waajiriwa wangapi wa kudumu. Chuo kinachotegemea mwalimu wa kuja Jumamosi kwa patholojia kinawapa wanafunzi msingi wa Jumamosi.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi huligundua mwaka wa pili: kuingia si kutoka. Dhana kwamba chuo binafsi kinampitisha kila anayelipa ni ya watu wasiowahi kukaa kwenye kikao cha matokeo. Wapo wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio, wapo wanaorudia mwaka, wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli. Na chuo binafsi, kurudia mwaka maana yake ni kulipa ada nyingine. D ya Fizikia hainitishi, fizikia ya udaktari ni ndogo. Ninayoiangalia ni ile C ya Kemia, kwa sababu ya baiokemia. Awahi kuanza kusoma, asisubiri sapu imkumbushe.

Tuingie kwenye fedha, mwalimu, na hapa ufanye hesabu kama ya familia yenye kiwanja kimoja. Usipige hesabu ya ada ya mwaka wa kwanza. Piga ya miaka mitano na uongeze mwaka mmoja wa tahadhari. Juu ya ada kuna usajili, mitihani, kitambulisho, ada ya TCU ya udhibiti ubora shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400. Kuna stethoskopu, mashine ya presha, makoti, vitabu. Kisha makazi, na hilo la Mikocheni ni gumu. Ni mtaa wa majumba ya kifahari, chumba cha bei ya mwanafunzi hukipati mlangoni mwa chuo. Wengi wanapanga Mwananyamala, Sinza, Mwenge au Kawe na kupanda daladala, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kuanzia mwaka wa tatu kuna na nauli za kwenda hospitali nyingine, wakati mwingine alfajiri au usiku, na mtoto wa kike saa hizo haumwambii asubiri daladala kituoni.

Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi, na masomo ya afya yamo kwenye yanayopewa kipaumbele. Ila usielewe kwamba italipa ada yote ya Mikocheni. Inapanga kwa viwango vyake na kwa uhitaji wa familia, na kinachozidi ni juu yenu. Bumu la chakula na malazi nalo lina ukomo wake. Mkopo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi liishe. Hata hivyo kwa mtoto aliyefiwa na baba mzazi nafasi ya kupata ni nzuri kuliko wengi, mkijaza fomu vizuri.

Kwa hiyo kiwanja msikiuze sasa. Ombeni mkopo kwanza, subirini majina ya waliopangiwa na kiasi walichopewa, ndipo muone pengo ni la ukubwa gani. Ada vyuo hivi inalipwa kwa awamu. Ulizeni ofisi ya fedha kwa barua, na jibu mlitunze kwa maandishi, siyo la mdomo wa karani. Mtu anayeuza kiwanja mwezi wa tisa kwa haraka ya kufungua chuo anauza kwa bei ya mnunuzi. Na kama hesabu ya miaka sita, pamoja na mkopo na kiwanja, bado inaishia mwaka wa tatu, mimi nakuambia kwa ukali kidogo: msianze. Mwanafunzi wa udaktari aliyekwama mwaka wa tatu kwa ada hana cheti cha kitu chochote, na kiwanja kimekwenda.

Njia nyingine zipo. Shahada ya uuguzi inachukua miaka minne, na muuguzi mwenye shahada ni mtu anayetafutwa ndani na nje ya nchi. Famasia nayo ni miaka minne. Kuna diploma ya utabibu ya miaka mitatu chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Akimaliza na wastani wa B au GPA ya 3.0, na masomo yake ya kidato cha nne yakiwa sawa, anaweza kuomba udaktari tena. Nimefundisha wanafunzi waliopita njia hiyo. Wakifika wodini wanawaacha wenzao mbali, kwa sababu wameshakutana na degedege na kutoka damu baada ya kujifungua kwenye kituo cha afya ambako hakuna wa kumuuliza. Njia ni ndefu, ila kila hatua ina mshahara wake.

Kwenda nje, China au India, kuna wanaokusanya wanafunzi kwa matangazo mazuri. Wahitimu wa nje nao wanapita kwa Baraza lile lile wakirudi, na waliokuwa Ukraine mwaka 2022 walikimbia vita wakiwa katikati ya masomo. Kama yeye mwenyewe ana ndoto ya kufanya kazi ughaibuni baadaye, hakikisheni chuo anachosoma kimo kwenye Saraka ya Dunia ya Vyuo vya Tiba. Kuangalia ni bure. Na dalali yeyote wa udahili anayeomba pesa ya "kumshikia nafasi" mkimbieni. Maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, na akidahiliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha kimoja mwenyewe, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Namba hiyo asimpe mtu.

Jambo moja hukuliuliza, lakini ni haki yako kulijua: ajira. Zamani daktari alimaliza utarajali mwezi huu na mwezi ujao ana barua ya kazi. Siku hizi kuna madaktari wenye usajili kamili wanaosubiri tangazo la ajira, wengine wanajitolea kwenye hospitali za wilaya kwa posho ndogo, wengine wanashika zamu za usiku kwenye vituo binafsi vya Mbagala na Tegeta. Wananchi bado wanahitaji madaktari, ila bajeti ya kuwaajiri ndiyo inayosuasua. Wakati wa utarajali kuna posho, baada ya hapo pangeni kwamba kunaweza kuwa na muda wa ukame, na yule ambaye kiwanja kiliuzwa kwa ajili yake asishinikizwe kurudisha fedha mwaka wa kwanza wa kazi. Nimeona familia zikivunjika kwa hilo.

Maoni yangu basi, kwa niliyosoma kwenye swali lako: Kairuki si chuo cha kukikimbia, na alama za binti zinamruhusu. Ningeomba kwanza kuilinganisha nafasi hiyo na Bugando, KCMC na Ifakara kama milango bado iko wazi. Ikibaki Mikocheni peke yake, mtume mtu akaongee na wanafunzi wa mwaka wa nne kama nilivyosema, kisha mpige hesabu ya miaka sita na mama akiwepo mezani, asije akaambiwa baadaye.

Na wiki hii hii mshughulikie karatasi za mkopo, kwa sababu ndizo zinazochelewesha watu. Cheti cha kuzaliwa cha binti na cheti cha kifo cha mzee vinatakiwa vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuambatishwa kwenye fomu. Angalieni jina la baba limeandikwa herufi kwa herufi sawa kwenye vyeti vyote viwili na kwenye vyeti vya shule. Ngonyani wa cheti kimoja na Ngonyan wa kingine wanatosha kumkosesha mtoto mkopo. Likitofautiana, anzeni kulirekebisha sasa, siyo dirisha likishafungwa.